Kabla ya Kuchemsha Pilipili: Kulinda Miti ya Matunda Uani

Watu wenye miti michache uani hapa Nairobi, kuanzia Kahawa hadi Dagoretti, hutujia na swali moja: "Nipige dawa gani ya asili?" Mwulizaji kwa kawaida ameshaona video kwenye simu, akasaga pilipili na kitunguu saumu, akanyunyizia mpera wake, na mapera bado yanaoza yakiwa mtini. Jibu letu humvunja moyo kidogo, kwa sababu halianzi na chupa ya kunyunyizia. Linaanzia chini ya mti.

Tumchukue nzi wa matunda, adui mkubwa wa maembe na mapera. Aina inayotusumbua zaidi siku hizi, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia, na iligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2003 kule Pwani. Tulikuwa na nzi wetu wa kienyeji kabla ya hapo, na bado wapo, lakini mgeni amewapiku. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na safari hizo hazikurejea hadi 2021. Usimchanganye na vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni. Hivyo hufuata tunda lililokwisha kuiva kupita kiasi, ilhali huyu hulivamia likiwa bado zima mtini. Ana urefu wa milimita 8 hivi, mabawa angavu na mistari ya manjano mgongoni. Ukimwona haraka haraka utadhani ni nyigu.

Jike hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Kwenye pera utaona kitundu kidogo sana kilichozungukwa na duara laini la rangi iliyokolea. Kata hapo baada ya siku chache na utakuta mabuu weupe wakila nyama ya tunda. Mtoe mmoja aliyekomaa, mweke kwenye sahani na umtazame: atajikunja hadi kichwa kiguse mkia, kisha ajifyatue na kuruka. Hivyo ndivyo anavyoliacha tunda lililoanguka. Huruka, hujifukia sentimita chache udongoni, hujifungia katika ganda la kahawia linalokaribia ukubwa wa punje ya mchele, na baada ya siku kumi hadi wiki mbili, au zaidi wakati wa baridi ya Julai, anatoka akiwa nzi kamili. Sasa jiulize: pilipili iliyopakwa juu ya ganda itamfikiaje buu aliye ndani ya tunda, au yule aliyekwisha kuzama ardhini?

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuokota. Matunda yote yaliyoanguka, pamoja na yale yaliyooza yakabaki yakining'inia, yaondolewe angalau mara mbili kwa wiki wakati wa msimu. Kuyatupa kwenye shimo la mboji hakusaidii, kwa sababu mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kuua mabuu, na udongo uliopo hapo ni laini, mahali pazuri kabisa pa kujifukia. Yafukie kwa kina cha futi mbili, au yatie kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana na uliache juani mpaka kila kitu ndani kife. Mwenye kuku awaachie wachakure chini ya mti. Wanawala mabuu na hata wale walio kwenye maganda udongoni.

Wako wanaotumia hema dogo la wavu, utaratibu ambao watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, wameufundisha kwa wakulima wa maembe. Matunda mabovu huwekwa ndani na hema likafungwa. Nzi wakitoka, matundu ya wavu ni madogo mno kwao, lakini yanawatosha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai au mabuu ya nzi hao. Adui anabaki kifungoni, rafiki anakwenda zake kazini. Mmoja wa nyigu hao, Fopius arisanus, aliletwa nchini makusudi kwa kazi hiyo.

Wa mjini ana shida moja ambayo mkulima wa Makueni hana. Hata kama mti wake ni mmoja, anapokea nzi kutoka kwa maembe yaliyonunuliwa sokoni. Embe likikutwa na wadudu jikoni, hutupwa kwenye ndoo ya taka nyuma ya nyumba, hatua tano kutoka kwenye mpera. Katika ploti yenye nyumba kumi, ndoo kama hiyo inaweza kuzalisha nzi wengi kuliko mti wenyewe. Zungumzeni na majirani kabla ya kununua chochote, maana mtu mmoja akiokota na tisa wakitupa, ni kazi bure.

Kizuizi cha asili kinachoshinda vyote, kwa maoni yangu, ni karatasi. Lifunike tunda likiwa bado changa na gumu, kabla nzi hajalitamani. Mifuko ya kaki inafaa, gazeti lililokunjwa mara mbili na kubanwa linafaa, na pakiti ya unga ya kilo mbili inafaa zaidi kwa sababu ni ngumu na inavumilia manyunyu. Ikung'ute unga kwanza, la sivyo utawaalika sisimizi. Funga mdomo wa mfuko kwenye kikonyo kwa uzi, usikaze sana. Mifuko myepesi ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa marufuku nisingeipendekeza, kwa kuwa tunda hutoa jasho ndani yake na kuoza. Kwa mti mrefu uliojaa maembe kazi hii haiwezekani; hapo pogoa mti baada ya mavuno ili msimu ujao uufikie ukiwa chini. Lakini kwa mpera, komamanga au mwembe mfupi, jioni moja inatosha.

Turudi kwenye harufu, kwa sababu si kwamba haifanyi kazi. Mfano bora uko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambako tangu miaka ya 1990 watafiti wa icipe na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliunda mfumo wa kusukuma na kuvuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Nyasi za nepia hupandwa kandokando na kuwavuta. Mambo mawili ya kutazama hapo: desmodiamu ni mmea ulio hai unaotoa harufu usiku na mchana, wala si maji ya kitunguu saumu yanayokauka kabla ya saa sita, na mdudu anayefukuzwa amewekewa mahali pengine pa kwenda. Ukinyunyizia pilipili tu, nzi huhamia tawi la pili, kisha mvua ikanyesha naye akarudi.

Kwenye miti ya uani, upande wa kuvuta unaweza kuwa mtego. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa matundu manne sehemu ya juu yanayompitisha nzi, tia maji, sukari na kijiko cha hamira, kisha uining'inize kivulini kwenye urefu wa mita moja unusu au mbili. Usitegemee chupa hiyo iumalize uvamizi. Faida yake kubwa ni kukuambia nzi wameanza kufika lini, ili ujue wakati wa kufunika. Vivutio vya dukani vyenye methili yujeno vina nguvu zaidi, ila huwavuta madume peke yao. Kemikali hiyohiyo imo katika baadhi ya aina za mrehani, kwa hiyo anayepanda mrehani chini ya mwembe "kufukuza nzi" huenda anawapigia hodi. Pua yetu haina habari na mambo ya nzi.

Vidukari ni habari nyingine, na hapa dawa za jikoni zina nafasi yake. Hawa hukaa nje, kwenye machipukizi ya mlimau, mpasheni au mtunda damu, wakifyonza utomvu. Majike huzaa bila kusubiri dume, ndiyo maana leo unaona watano na wiki ijayo jani limejikunja kwa wingi wao. Kabla ya kuwagusa, fuata msafara wa sisimizi shinani. Vidukari hutoa majimaji matamu. Sisimizi huyanywa, na kwa malipo hayo huwalinda dhidi ya wanaowala. Ukiona majani yana utando mweusi kama masizi, huo ni ukungu unaoota juu ya majimaji hayo, hivyo kuusugua bila kuwaondoa wafyonzaji ni kupoteza wakati.

Wakatie sisimizi njia. Zungushia shina ukanda wa kitambaa au karatasi ngumu wenye upana wa sentimita 10 hivi, ubane vizuri usiache upenyo, kisha paka grisi juu yake, si kwenye gome lenyewe. Halafu angalia madaraja mengine: tawi linalogusa ukuta, nyasi ndefu, na hasa kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa mtini. Hiyo kamba ndiyo inayotushinda katika ploti nyingi.

Sisimizi wakishakatiwa, piga vidukari kwa maji ya bomba yenye kasi kidogo, kwa siku mbili tatu. Wakizidi, tumia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja au viwili vya chai katika lita moja ya maji, jioni, ukilenga chini ya majani. Sabuni huharibu utando unaomkinga mdudu asikauke, basi yule asiyeloweshwa hadhuriki. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku moja au mbili. Tena, angalia usiwaangamize wasaidizi. Wengi wanawajua wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi, lakini watoto wao ni weusi, warefu, wenye madoa ya rangi ya machungwa na sura ya kutisha, na watu huwaponda wakidhani ndio adui. Kinyonga naye apewe amani yake. Najua habari zinazosimuliwa juu yake, lakini anayekula nzi kutwa nzima bila mshahara hastahili kupigwa fimbo.

Mwarobaini ni dawa ya kweli. Una azadiraktini, inayomfanya mdudu akose hamu ya kula na ashindwe kujivua ngozi ili akue. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa, zilowekwe katika lita moja ya maji usiku kucha, kisha zichujwe. Jua huiharibu haraka, kwa hiyo nyunyizia jioni na urudie baada ya wiki moja hivi. Mti wenyewe hupenda joto na haustawi sana huku kwetu kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wengi watanunua mbegu au mafuta kutoka Pwani. Ukinunua bidhaa iliyofungashwa, tafuta kwenye lebo nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini. Kuandikwa "asilia" hakutoshi.

Kwa kweli neno hilo linatutia hatarini. Pareto ni ua letu, na Kenya ilipata kuwa mzalishaji mkubwa kabisa duniani, lakini dawa yake huua nyuki sawa na inavyoua vidukari. Usiipige mti ukiwa umechanua. Maji ya tumbaku, ambayo bado watu wanapendekezeana, ni sumu kali ya nikotini inayopenya ngozi, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye nyanya na pilipili hoho. Tuiache kabisa. Bangi mwitu (Tagetes minuta, si bangi ya kuvuta), ambayo wengi hapa huiita mubangi, haina hatari hiyo. Mizizi yake hudhuru baadhi ya minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mimea, kwa hiyo ukiikuta kwenye kitalu usikimbilie kuing'oa yote.

Kwa migomba, fukusi anayetoboa shina la chini hanaswi kwa kunyunyizia chochote. Baada ya kuvuna mkungu, kata vipande vya mgomba vya urefu wa sentimita 30, vipasue katikati, vilaze karibu na shina upande uliokatwa ukitazama chini. Asubuhi vigeuze, okota fukusi waliojificha, waue. Rudia mpaka vipande vikauke.

Na kwa wale wa Karen, Lang'ata na kandokando ya Karura: ndege hawahisi ukali wa pilipili hata kidogo, hivyo kuwapakia matunda pilipili ni kuwaungia mboga. Tumbili na kima wanauhisi, lakini hujifunza haraka kumenya. Kwa wote hao wavu uliokazwa vizuri, usio na mahali pa kunasa mbawa, ndio unaosaidia.

Ukishindwa kumtambua mdudu, usimpige dawa kwanza. Tia tunda lenye alama kwenye mkebe wenye mchanga mkavu kidogo, ufunike kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa raba, na usubiri wiki mbili hadi nne. Kitakachotoka ndicho cha kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi yako, mkebe ukiwa bado umefungwa, tafadhali, maana ofisi nyingi za kilimo nazo zina mpera nje.