Uraibu wa kutazama mukbang hupimwaje?

Mukbang ni matangazo ya mtandaoni ambamo mtu huketi mbele ya kamera na kula, mara nyingi chakula cha kutosha watu kadhaa, huku akipiga soga na watazamaji. Yalishika kasi Korea Kusini kuanzia miaka ya 2009 na 2010 kupitia jukwaa la AfreecaTV, ambako mtazamaji aliweza kumtuza mlaji kwa "maputo ya nyota" yanayogeuzwa kuwa fedha. YouTube ikayasambaza kote duniani.

Wengi huyatazama bila shida yoyote. Wapo wanaoishi peke yao na kupata mwenzi wa mezani, na wapo wanaojinyima chakula, wakishibisha macho. Ila kuna wanaonasa, na hao ndio Kagan Kircaburun na wenzake, akiwemo Mark Griffiths wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, waliowalenga walipotoa Kipimo cha Uraibu wa Mukbang mwaka 2020. Waliegemea dodoso la Bergen, lililotungwa Norwei kupima uraibu wa Facebook, wakalijaribu toleo lao kwa vijana wa Uturuki.

Kipimo kina maswali sita tu. Je, mukbang inatawala mawazo yako hata usipokuwa unatazama? Unahitaji kutazama zaidi na zaidi ili uridhike? Unaikimbilia ili usahau matatizo? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Unakosa utulivu ukizuiwa? Imeharibu masomo, kazi au uhusiano wako na watu? Kila jibu lina alama, kuanzia 1 hadi 5, kulingana na jinsi jambo hilo linavyotokea mara nyingi. Jumla huwa kati ya 6 na 30, na kadiri inavyopanda ndivyo dalili zinavyozidi.

Hakuna swali hata moja linalouliza saa. Kwangu hapo ndipo ubora wake ulipo. Mzazi akimkuta binti yake anatazama mukbang kila jioni, jambo la kwanza huwa ni kuhesabu muda. Lakini binti huyo anaweza kutazama saa mbili, akazima simu, akala na kulala vizuri. Mwingine anatazama nusu saa tu, ila akikosa bando anakuwa mkali, na darasani akili yake iko kwenye sahani ya mtu wa Seoul. Huyo wa pili ndiye atakayepata alama za juu.

Alama hizo si cheti cha ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linatambua uraibu wa kamari na wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, mukbang haimo. Hata hivyo, watafiti hao hao waliona kwamba utazamaji uliopindukia huambatana na ulaji uliovurugika na uraibu wa intaneti. Kwa kuwa vyote vilipimwa kwa wakati mmoja, matokeo hayaonyeshi kipi kilitangulia. Ndiyo maana kijana mwenye alama za juu anapaswa kuulizwa pia anakula nini, na anakulaje.