Earl Scruggs na hiyo kasi mnayoniambia

Jana tena. Kijana hajakaa na banjo hata wiki, ananiambia anataka kupiga kama Earl Scruggs, yule mpiga banjo wa Marekani, "mbio mpaka vidole visionekane". Nimechoka kulisikia hili.

Scruggs alizaliwa 1924 Flint Hill, North Carolina, akafiwa na baba akiwa na miaka 4, akafanya kazi kiwanda cha nyuzi za nguo, na Desemba 1945 akaingia bendi ya Bill Monroe, baba wa muziki wa bluegrass. Hayo mnayajua. Na upigaji wa vidole vitatu hakuuanzisha yeye: Smith Hammett na Snuffy Jenkins walishapiga hivyo kulekule kwao.

Alicholeta ni mpangilio. Kipimo kimoja, yaani mzunguko mmoja wa mapigo, kina noti 8. Vidole vinavyodonoa ni 3, yaani gumba, cha shahada na cha kati. Nane haigawanyiki kwa tatu. Basi vidole vinakwenda tatu, tatu, halafu mbili, na mkazo unaangukia pale mguu wako usipopatarajia, kisha vyote vinakutana kipimo kipya kinapoanza. Humo ndani Scruggs alipachika wimbo wenyewe: noti za wimbo zinatokeza, zilizobaki zinajaza nyuma yake, na ule uzi mfupi wa tano unalia juu bila kubadilika. Chukua Foggy Mountain Breakdown aliyoirekodi 1949 na mpiga gitaa mwenzake Lester Flatt, ipunguze kasi hadi nusu. Bado inatembea! Mpigaji wa mbio tupu ukimpunguza hivyo, unabaki na kelele za kucha za chuma zinazovaliwa vidoleni.

Alipoachana na Flatt 1969 alipiga na wanawe, penye ngoma na magitaa ya umeme, na mkono ukawa uleule.

Kuna jambo linaninyima raha, hata hivyo. Miaka yote nimefundisha "anza polepole, fuata metronomu", kile kifaa cha kuhesabia mapigo. Siku hizi nina shaka. Mkono wa polepole si mkono wa kasi: kidole kikipewa muda kinajizoesha kunyanyuka juu mno, na ukiongeza mwendo hakina pa kurudia. Naamini wapo wanafunzi niliowachelewesha kwa njia hiyo. Sasa nawapa noti 8 tu, wazipige kwa mwendo halisi, wanyamaze, wazirudie.

Yule kijana nilimfanyia hivyo. Gumba lake lilikuwa likigonga kila uzi kwa nguvu moja. Mara ya kumi hivi akalilegeza, noti ya wimbo ikajitokeza peke yake, akaacha kupiga na kunitazama.