Shahada ya biashara ya miaka miwili Marekani: linganisha deni na nyongeza ya mshahara

Kosa kubwa katika hesabu hii hufanyika mwanzoni kabisa. Mtu anautazama mshahara wa mhitimu, anautazama mkopo, anaona mshahara umezidi, anasaini. Lakini deni la masomo halilipwi na mshahara mzima. Linalipwa na ile nyongeza iliyoletwa na shahada juu ya kile ambacho ungekipata bila kusoma, kwa sababu mshahara wa kawaida tayari una wenyewe: kodi ya nyumba, bima ya gari, chakula, na hela ya kutuma nyumbani.

Nyongeza yenyewe si kubwa kama matangazo ya vyuo yanavyodokeza. Kwa takwimu za ajira zilizotolewa na serikali ya Marekani za mwaka 2023, mfanyakazi wa kutwa mwenye umri wa miaka 25 au zaidi aliyeishia sekondari alikuwa na kipato cha kati cha dola 899 kwa wiki. Mwenye shahada ya miaka miwili, yaani asosieti, alikuwa na dola 1,058. Tofauti ni dola 159 kwa wiki, karibu dola 8,270 kwa mwaka kabla ya kodi. Na hapo wamo wauguzi na mafundi wa hospitali pia, kwa hiyo anayesomea biashara asiichukue namba hiyo kuwa yake.

Namba ya kwako itafute kwenye College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Usiishie ukurasa wa kwanza wa chuo, kwani kipato kinachoonekana pale kinachanganya fani zote. Fungua orodha ya fani, chagua ngazi ya asosieti, kisha tazama jina la fani kwa makini. "Biashara" si kitu kimoja. Katika orodha ya serikali inayopanga fani kwa namba, uongozi wa biashara una msimbo 52.02, uhasibu 52.03, na kazi za ukarani na usaidizi wa ofisi 52.04, na mishahara yake hutofautiana hata ndani ya chuo kimoja. Muulize ofisa wa udahili programu yako inaingia msimbo gani. Analijua jibu.

Ukishaipata, jiulize nani wamehesabiwa humo. Kipato cha kati maana yake nusu ya wahitimu wako chini yake. Waliohesabiwa ni waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu na kumaliza. Aliyeacha njiani na deni lake hayumo, na katika vyuo vya miaka miwili wanaoacha ni wengi mno. Deni linaloonyeshwa ni la waliokopa tu, na ni mikopo ya serikali kuu pekee. Mkopo wa benki binafsi hauonekani kabisa, ingawa mara nyingi ndio wenye masharti makali zaidi.

Sasa geuza deni liwe malipo ya mwezi. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 10 ya kulipa, kila dola 1,000 unayokopa ni kama dola 11.35 kwa mwezi. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili. Jumla dola 12,000, yaani dola 136 kwa mwezi, na mwisho wa safari atakuwa amelipa zaidi ya 16,300. Anayejitegemea anaruhusiwa hadi 9,500 na 10,500. Akichukua zote ni dola 227 kwa mwezi. Kuruhusiwa kukopa kiasi hicho si ushauri kwamba unakihitaji: barua ya chuo ikija, unaweza kukubali sehemu tu ya mkopo na kukataa iliyobaki.

Tazama pia aina ya mkopo. Kuna ule ambao serikali inakulipia riba ukiwa masomoni, na kuna ule ambao riba inaanza kuhesabika siku fedha inapotolewa. Ukikopa dola 2,000 za aina hii ya pili kila mwaka, utafika siku ya malipo ya kwanza, miezi 6 baada ya kumaliza, ukiwa na riba ya karibu dola 500 juu ya deni.

Kwa kipimo, sheria za Wizara ya Elimu kuhusu programu za ufundi na vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida zimetumia asilimia 8: malipo ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Kwa mhitimu anayepata dola 32,000 kwa mwaka, malipo yasizidi dola 213 kwa mwezi, sawa na deni la karibu 18,800. Sisi tungekuwa wakali zaidi kwa fani ya biashara ya jumla. Chuo cha umma cha jamii (community college), ukipata ruzuku kamili ya Pell ya serikali kuu, ambayo hairudishwi na kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilifika dola 7,395, mara nyingi kinasomeka bila mkopo wa ada. Kwa hiyo jaza kwanza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu. Wenye green card, waliopokelewa rasmi kama wakimbizi na waliopewa hifadhi wana haki ya kuijaza, jambo ambalo familia nyingi za Kikongo zilizohamia huko huambiwa vibaya na majirani.

Kama nia ni kuendelea hadi shahada ya miaka minne, omba kwa maandishi orodha ya krediti zitakazopokelewa na chuo unachotaka kuhamia. Asosieti ya kundi la AAS (Associate of Applied Science) imeundwa kwa ajili ya kuingia kazini, na nyingi ya krediti zake 60 zinaweza kukataliwa. Hapo unalipia somo moja mara mbili.

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 ana hesabu nyingine kabisa. Hapati mikopo wala ruzuku ya serikali kuu, na kwenye vyuo vingi vya umma hutozwa ada ya mgeni wa jimbo. Akimaliza asosieti ya biashara anaweza kuomba OPT, kibali cha kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, cha miezi 12. Nyongeza ya OPT ya fani za sayansi na teknolojia haitolewi kwa asosieti, na viza ya kazi ya H-1B kwa kawaida inataka shahada ya miaka minne. Basi kama haendelei, upande wa mapato aweke mwaka mmoja wa mshahara wa Marekani, na miaka mingine yote aijaze kwa mshahara anaoweza kuupata nyumbani akiwa na cheti hicho.