Mkuu wa Kanisa si Askofu Mkuu: kuvielewa vyeo vya KKKT ukiwa Mtwara au Lindi

Huku kwetu ukitaja kanisa, wengi wanafikiria kwanza Ndanda kwa Wakatoliki au Masasi kwa Waanglikana. Walutheri ni wachache, na wengi wao walikuja na uhamisho wa kazi au biashara. Kwa hiyo mtu akialikwa kwenye ibada yao akasikia "Mkuu wa Jimbo" anakaribishwa, anageuka kumtafuta askofu. Anayesimama ni mchungaji.

Kosa si lake. Neno jimbo limebeba mizigo mingi mno. Wazee wanalikumbuka Jimbo la Kusini la wakati wa Mwingereza, na vijana wanajua jimbo la mbunge. Kwa Wakatoliki, Jimbo la Mtwara au Jimbo la Lindi ni eneo zima la askofu. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, eneo la askofu ni dayosisi, na jimbo ni kipande tu ndani yake: sharika kadhaa zilizowekwa chini ya mchungaji mmoja anayeitwa Mkuu wa Jimbo. Chini ya jimbo kuna usharika, ambao Mkatoliki angeuita parokia, na chini ya usharika kuna mitaa. Mtaani mara nyingi utamkuta mwinjilisti, si mchungaji. (Mwenyekiti wa mtaa ni habari nyingine, huyo ni wa serikali. Na usharika usiuchanganye na ushirika, maana msimu wa korosho kosa la herufi moja linaweza kukupeleka kwenye foleni ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.)

Sasa tupande juu kabisa. Kiongozi wa KKKT nzima anaitwa Mkuu wa Kanisa. Magazeti mara nyingine humwandika "Askofu Mkuu", nami naona hapo ndipo maana inapopotea. Askofu Mkuu kwa Wakatoliki ni askofu wa jimbo kuu, na kwa Waanglikana wa Tanzania ndiye anayeongoza maaskofu wote wa kanisa lao. KKKT haina daraja hilo. Mkuu wa Kanisa ni askofu wa dayosisi aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu awaongoze wenzake kwa kipindi cha miaka minne, na muda wote huo anabaki na dayosisi yake. Ofisi kuu ya kanisa iko Arusha, lakini yeye anaweza kuwa askofu wa kwingine kabisa.

Mfano ulio wazi ni Alex Malasusa, askofu wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani, yenye makao Dar es Salaam. Aliushika ukuu wa kanisa tangu 2007, akampisha Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, akaendelea kuwa askofu wa dayosisi yake bila kupungukiwa kitu, na 2023 akachaguliwa tena. Uaskofu haukukatika, kilichokuja na kuondoka ni ukuu. Mizizi ya jambo hili iko kwenye kuzaliwa kwa kanisa lenyewe: mwaka 1963 makanisa saba yaliyokuwa yanajitegemea yaliungana, na mkuu wa kwanza akawa Stefano Moshi. Waliokuja na nyumba zao tayari hawakutaka mwenye nyumba mpya, walitaka mwenyekiti wa kikao. Hadi leo dayosisi ina mamlaka makubwa juu ya mambo yake.

Kuna na mtego wa mpangilio wa maneno. Kwa Wakatoliki Askofu Msaidizi ni askofu kamili, amewekwa wakfu kwa daraja hilo. Msaidizi wa Askofu wa KKKT ni mchungaji anayemsaidia askofu katika kazi za dayosisi. Ukimwita "Baba Askofu" atatabasamu, lakini umempandisha cheo. Na askofu mwenyewe, kwenye barua, anaandikiwa "Baba Askofu". "Mhashamu" waachie Wakatoliki.

Majina ya dayosisi nayo yana vituko, hasa kwetu. Mtu wa Mtwara akisema "Kusini" anamaanisha nyumbani. Lakini Dayosisi ya Kusini ya KKKT makao yake ni Njombe, na ya Kusini Kati iko Makete. Ya Mtwara inaitwa Dayosisi ya Kusini Mashariki. Ukituma barua yako kwa "Dayosisi ya Kusini" ukiamini umeandika kwenu, itapanda milima na kufika kwenye baridi.

Limebaki neno ambalo hata Walutheri wenyewe huteleza nalo: Mama Mchungaji. Kwa desturi ni mke wa mchungaji. Tangu KKKT ilipokubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, sharika nyingi zina mama ambaye ndiye mchungaji mwenyewe, na jina lile lile linamwangukia. Mgeni akiambiwa "subiri, Mama Mchungaji anakuja", hajui kama ataletewa chai au ataongozewa sala. Wengine hukwepa kwa kusema "Mchungaji" tu, kama wanavyomwita mwanaume. Mumewe anaitwaje? Hapo kila usharika unajitafutia, na wengi humwita baba fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza.