Kuhesabu manowari hakutoshi: jinsi ya kulipima jeshi la majini la China

Kila inapochapishwa ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu China, vyombo vya habari hukimbilia sentensi moja: China ina jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani. Kwa idadi ni kweli. Ripoti ya 2023 ilihesabu manowari na nyambizi zaidi ya 370, huku Marekani ikiwa na zipatazo 290. Lakini hesabu hiyo inaipa koveti (manowari ndogo) ya tani 1,500, inayolinda pwani, uzito sawa na meli ya kubeba ndege ya Marekani ya tani 100,000. Ukipima kwa tani, Marekani bado iko mbele sana.

Kilicho muhimu zaidi ni namna China ilivyofika hapo. Mwaka 1996, wakati wa mgogoro wa Taiwan, Marekani ilipeleka meli mbili za kubeba ndege, Nimitz na Independence, na Beijing haikuwa na cha kuzizuia. Hatua ya kwanza ikawa kununua: manowari nne za aina ya Sovremenny na nyambizi zaidi za aina ya Kilo kutoka Urusi. Hatua ya pili ilihitaji subira. Badala ya kuunda meli nyingi za muundo mmoja mara moja, wahandisi waliunda mbili za aina ya 052B, mbili za 051C na mbili za kwanza za 052C, wakazipeleka baharini, wakaona rada ipi inafanya kazi na injini ipi inasumbua. Baada ya hapo ndipo 052D, ambayo ya kwanza ilianza kazi 2014, ikaundwa kwa mfululizo hadi kupita 25. Viwanda vyenyewe havikosi kazi, kwa kuwa China sasa inaunda zaidi ya nusu ya meli za biashara duniani. Welda na mafundi wa mabomba wanabaki na ujuzi wao hata pale oda za jeshi zinapopungua.

Marekani imepita njia tofauti, na mradi wa frigeti (manowari za ukubwa wa kati) za Constellation unaonyesha kinachoharibika. Ulichukua muundo wa Ulaya ambao tayari ulikuwa ukielea, kisha mabadiliko yakaongezwa hadi meli ikawa karibu mpya kabisa. Ujenzi ulianza 2022 kabla michoro haijakamilika, uzito ukaongezeka, meli ya kwanza ikachelewa miaka mitatu. Mwishoni mwa 2025 mradi ulifutwa, zikabaki meli mbili tu. Upande wa matengenezo, nyambizi USS Boise ilipoteza kibali cha kuzama 2017, na mkataba wa kuikarabati kikamilifu ukatolewa 2024. Nyambizi iliyofungwa gatini kwa miaka saba ilikuwa bado inahesabiwa kwenye orodha.

Kwenye meli za kubeba ndege China ina tatu. Liaoning ilianza kama gamba la meli la Kisovieti lililonunuliwa Ukraine, ikaingia kazini 2012. Shandong ikafuata 2019. Zote mbili zina sitaha iliyopinda juu upande wa mbele, na ndege hujirusha kwa nguvu ya injini zake yenyewe. Ndiyo maana haiwezi kuondoka na mafuta na silaha kwa ujazo kamili. Fujian, iliyoingia kazini Novemba 2025, ina manati tatu za sumakuumeme, yaani mitambo ya kurushia ndege.

Manati hizo zinabadilisha zaidi ya uzito wa silaha. Zinaiwezesha meli kurusha KJ-600, ndege ya propela yenye rada kubwa. Rada iliyo mita 30 juu ya maji huliona kombora linaloruka chini likiwa limebakiza kama kilomita 30, kwa sababu dunia imejikunja. Kombora la mwendo wa mita 300 kwa sekunde humaliza umbali huo kwa dakika moja na sekunde 40. Rada iliyo angani mita 8,000 inaweza kuona hadi kilomita 350 na zaidi. Hiyo ndiyo tofauti ya kupona na kuzama.

Hata hivyo Fujian haitumii nyuklia, kwa hiyo inahitaji mafuta kwa injini zake na kwa ndege zake. Marekani ina meli 11 za kubeba ndege, zote za nyuklia, na Gerald R. Ford ina manati nne. Tena kanuni ya kawaida ya majeshi ya majini ni kwamba kati ya meli tatu, moja iko kazini, moja mazoezini, moja matengenezoni. Kwa hiyo ukisoma kwamba China ina tatu, hesabu moja iliyo tayari wakati wote. Juni 2025 Liaoning na Shandong zilionekana pamoja katika Pasifiki, lakini hilo ni zoezi lililopangwa mapema.

Kipimo kingine ambacho magazeti hukiruka ni mirija ya makombora. Manowari ya China ya aina ya 055 ina 112, 052D ina 64, na Arleigh Burke ya Marekani ina 90 au 96. Kwa jumla Marekani inaongoza kwa mbali. Lakini makombora ya mirijani yakishaisha, meli hurudi bandarini kujaza. Marekani ilijaribu kujaza baharini Oktoba 2024 kwa manowari USS Chosin, na bado ni teknolojia changa. Karibu na Taiwan, China iko nyumbani, bandari zake ziko jirani, na makombora yanayorushwa kutoka nchi kavu kama DF-21D na DF-26 yanaongezea nguvu. Nyambizi zake nyingi za dizeli nazo zinafaa maji hayo ya karibu. Nyambizi zote za Marekani ni za nyuklia, nzuri kwa safari ndefu.

Bahari ya Hindi inageuza hesabu. Kutoka Sanya, kusini mwa China, hadi Djibouti ni takribani kilomita 9,000, karibu wiki mbili kwa mwendo wa noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa). Tangu Desemba 2008 misafara ya China katika Ghuba ya Aden kwa kawaida huwa ya manowari mbili na meli moja ya mafuta na vyakula, na kituo cha Djibouti kilifunguliwa 2017 kwa sababu hiyo. Meli kubwa za kuhudumia kikosi cha meli ya kubeba ndege, aina ya 901, ni mbili tu. India, yenye meli mbili za kubeba ndege, Vikramaditya na Vikrant iliyoanza kazi 2022, ina meli chache kuliko China, lakini bandari zake ziko ukingoni mwa bahari hiyo hiyo.

Meli za China zilifika Dar es Salaam kwa mazoezi ya pamoja na Tanzania na Msumbiji mwaka 2024, na za India zikaja Aprili 2025. Ukisikia msafara mwingine umetia nanga, uliza kwanza kama umekuja na meli ya mafuta, na utajaza wapi safari ya kurudi.