Kubadili matumizi na kugawa shamba: maana yake pembezoni mwa Arusha

Shamba la nyanya au karoti pale Moshono, Olasiti au kuelekea Tengeru, dalali akishalifikia huliita viwanja. Kisheria bado ni shamba.

Kubadili matumizi ni kuomba ardhi iliyotengwa kwa kilimo iruhusiwe kutumika kwa makazi, biashara au jambo jingine. Kugawa ni kukata kipande kimoja kiwe vingi, kila kimoja na namba yake, mipaka yake na hati yake. Kupata kibali cha moja si kupata cha pili. Makosa mengi huanzia hapo: mtu anapima kwa hatua, anachimbia mawe, anauza, kisha ndipo anakwenda halmashauri.

Kwanza jua ardhi yako ni ya aina gani. Ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wake. Iliyo ndani ya eneo la mipango miji inafuata Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Huko maombi hupelekwa kwa afisa mipango miji, majirani hupewa nafasi ya kupinga, na kamati ya halmashauri huyajadili. Mchoro wa mgawanyo wa viwanja ukishaidhinishwa ndipo mpima anaweka bikoni, yaani alama rasmi za mipaka. Kama shamba lina hati, hati hiyo husalimishwa ili zitolewe mpya. Kodi ya pango la ardhi nayo hubadilika, kwa kuwa hutozwa kulingana na matumizi.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayowaumiza watu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukigawa kwa viwanja vya mita za mraba 400 unaona kumi. Lakini chukua ekari ya mraba, takriban mita 63.6 kila upande, upitishe katikati barabara ya mita 10: mita za mraba 636 zimeondoka. Kila upande wa barabara unabaki na kina cha mita 26.8, na vinaingia viwanja vinne vya upana wa mita 15.9. Jumla ni vinane, si kumi. Anayelazimisha kumi anakula barabara, na gari la maji taka halitaingia kamwe.

Kuna mto? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Shamba jembamba la kando ya mto linaweza kumezwa karibu lote.

Na mfereji. Miteremko ya Meru inalima mboga kwa maji ya mifereji inayopita shamba hadi shamba. Mchoro usipouonyesha, mnunuzi atajenga ukuta juu yake bila kujua, na wakulima wa chini yake watakosa maji wiki hiyohiyo huku mvua ikifurika uani kwake. Mwambieni mchoraji autengee njia yake tangu mwanzo, na mtembee naye shambani wakati maji yanapita, si kiangazi mfereji ukiwa umekauka na kufunikwa na majani.