Basi Halikuiua Treni ya Donegal

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma sana habari za reli: kwa nini kwenye ziara zangu za treni kuukuu za Ireland napandisha watu mabasi, ilhali mabasi ndiyo yaliyoziua treni hizo? Swali hili limenichosha. Linafanya basi kuwa mvamizi aliyetoka nje, wakati mara nyingi lilikuwa mali ya reli yenyewe.

Tuanzie Donegal, kaunti ya kaskazini-magharibi mwa Ireland. Geji ya pale, yaani upana kati ya reli mbili, ilikuwa futi 3, milimita 914, nyembamba kuliko hata ile ya mita moja ya Mombasa na Kampala. Meneja wa reli, Henry Forbes, aliona kwamba kuwasha injini ya mvuke kwa ajili ya abiria wachache ni kuteketeza makaa bure. Akaweka relini magari ya petroli, na mwaka 1931 akaleta ya dizeli, ya kwanza kubeba abiria kwa ratiba katika Ireland na Uingereza. Yalisimama hata penye vivuko vya barabara, mkulima akipunga mkono. Yale ya baadaye yalivalishwa bodi Dundalk, kwenye karakana za kampuni ya reli ya Great Northern zilizounda pia mabasi ya kampuni hiyo, na injini za magari hayo ya reli na za mabasi zote zilikuwa za Gardner. Sasa niambieni, hapo muuaji ni nani?

Great Northern ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1934 wahandisi wake Howden na Meredith walisajili gurudumu lenye tairi la upepo ndani ya ukingo wa chuma. Basi la barabarani likavishwa magurudumu hayo na kupita relini. Ni kazi ya watu waliokuwa wakitafuta kila njia ya kuiokoa stesheni ndogo, na inaniudhi ikipitwa kama kichekesho cha makumbusho.

Halafu kuna kampuni ya reli ya Lough Swilly, ya Derry na Donegal. Treni yake ya mwisho ilikwenda mwaka 1953. Kampuni ikaendelea na mabasi hadi 2014, na neno “Railway” halikutoka katika jina lake miaka yote hiyo.

Nakiri kwamba katika Ireland ya Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza, hoja yangu inayumba. Ulster Transport Authority, mamlaka ya usafiri ya serikali ya huko, iliundwa 1948 ikiwa na mabasi na reli mikononi, na kufikia 1950 ilikuwa imefunga sehemu kubwa ya reli ya County Down. Mwaka 1957 serikali hiyo ya Belfast ikaifunga njia ya reli ya Omagh–Enniskillen, na reli ya Sligo, iliyotegemea mizigo ya huko, ikafa mara moja. Hapo basi lilipendelewa waziwazi. Lakini pia mpaka ulioigawa Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa umeutenga mji wa Derry na wateja wake wa Donegal, na forodha ikachelewesha kila behewa. Nikipima makosa ya wakubwa na yale ya mpaka, mizani hubadilika kila ninaposoma upya, na sioni haya kusema hivyo.

Anayetaka mvuke tu aende Whitehead, Antrim, ambako Railway Preservation Society of Ireland inatunza injini za geji pana, milimita 1,600. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Lakini Donegal leo haina treni ya kawaida hata moja, kwa hiyo kufika kwenye kipande cha reli kilichofufuliwa Fintown, kando ya Ziwa Finn, lazima upite barabarani. Hivyo ndivyo watu wa Donegal walivyosafiri tangu reli zao za mwisho zilipofungwa mwisho wa 1959, na ndiyo maana nawapeleka kwa basi.

Mkifika, tafuteni gari namba 18, mojawapo ya yale magari ya dizeli ya Donegal, lililoundwa 1940. Msikimbilie viti vya nyuma. Kaeni karibu na dereva mumwone akikanyaga klachi na kubadili gia, kisha mkishuka mtazame chini ya kibini yake: magurudumu yameunganishwa kwa vyuma vya pembeni, kama ya injini ya mvuke.